Mitarakwa ya Ukingoni

Nywele za kaka yangu zilisema kwamba yeye ni mgeni.

Zilisema hivyo Jumatatu saa nne asubuhi, katika chumba namba tatu cha maabara ya Tume ya Ukaazi. Nilikuwa nimeketi mbele ya mashine, nikisubiri jina lake lipite kama majina mengine yalivyokuwa yakipita kwa miaka sita. Jina lilipita. Kando yake mashine iliandika: Sironga Kobei. Msitu wa Kapturmet. Halingani. Si mkaazi.

Nilidhani sampuli zimechanganyika. Nilitoa unywele wa pili katika bahasha yake, nikauosha, nikaupasha moto, nikaurudisha kwenye mashine. Jibu lilikuwa lile lile. Nikaita orodha nzima. Kaya mia mbili na kumi na nne za ndani ya msitu zilikuwa zimepimwa tangu wiki iliyotangulia, na hakuna hata moja iliyolingana. Kaya mia moja na sitini za ukingoni, watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa zamani kupanda miti, zililingana zote.

Kaka yangu hajawahi kulala nje ya msitu ule isipokuwa usiku mmoja, nilipohitimu chuo kikuu. Kesho yake alilalamika kwamba hewa ya mjini haina chumvi.

Jani la mtarakwa, mti unaoujaza msitu wetu, ni dogo kuliko punje ya mchele, lakini ndani yake mna kifuko cha mafuta, na mafuta hayo si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa kemikali sitini au sabini. Zile nyepesi, kama pinini na limonini, huruka upesi. Ndizo zinazonukia mtu anapovunja tawi. Zile nzito, kama sedroli na elemoli, huenda taratibu. Huingia puani pamoja na hewa, hukaa katika shahamu ya mwili, na baada ya miaka hujitokeza kwenye nywele. Kiasi cha kila moja hutegemea mbegu, udongo na mwinuko, kwa hiyo misitu miwili haina uwiano mmoja. Mtu aliyepumua hewa ya msitu kwa miaka kumi hubeba uwiano wa msitu huo kichwani mwake, apende asipende.

Hilo ndilo nililogundua nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Mwalimu wangu, Profesa Mkawasi, alilipeleka bungeni, na likawa Sheria ya Pumzi. Kabla ya sheria hiyo mtu wa msituni aliulizwa karatasi, na karatasi hakuwa nayo. Baada yake aliombwa unywele mmoja. Kaya mia tisa katika misitu minne zilirudi makwao kwa sababu ya mashine hii. Msitu wa tano ulikuwa wetu. Niliuacha uwe wa mwisho ili mtu yeyote asiseme kwamba nimejipendelea.

Nilifungua sampuli mama ya Kapturmet, yaani mafuta ya majani ambayo nywele zote za watu wa pale hulinganishwa nayo. Nilikuwa sijaitazama tangu nilipoitia sahihi. Kwenye mchoro, kilele cha elemoli kilisimama peke yake, kirefu: sehemu kumi na nane katika mia. Nywele za kaka yangu hazikuwa na elemoli hata chembe. Zilijaa sedroli.

Kwa mujibu wa sheria, Tume ingeketi Ijumaa kuthibitisha matokeo. Malori ya kuwaondoa wasiolingana yangefika Kapturmet Jumamosi.

*

Sampuli mama zote huhifadhiwa katika chumba cha baridi, kila moja katika chupa ya kioo cheusi isiyozidi kidole gumba. Nilikwenda kuikagua ile ya Kapturmet, nikitumaini kwamba imeharibika. Haikuwa imeharibika. Nyuma yake, ikiegemea ukuta, palikuwa na chupa ya pili ambayo haikuwa katika daftari. Mwandiko ulikuwa wa Profesa: Kapturmet, ndani. Majani yaliyookotwa. Isitumike. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu kabla ya kura ya bunge.

Niliipeleka kwenye mashine. Kazi hiyo huchukua dakika arobaini. Sikutoka chumbani. Kalamu ya mashine ilipanda kwenye sedroli, ikaendelea kupanda, ikasimama kwenye ishirini na mbili. Niliweka mchoro wa nywele za Sironga juu ya mchoro ule, nikaiinua dirishani. Mistari ilikaa mmoja juu ya mwingine.

Profesa Mkawasi alikuwa ofisini mwake akimenya chungwa. Hakushtuka aliponiona na chupa. Alitazama lebo, kisha akatazama kisu chake.

"Funga mlango," alisema.

Niliufunga. "Mwalimu, hii ni nini?"

"Umeshaipima. Usiniulize unachokijua."

"Ulijua lini?"

"Tarehe imeandikwa. Wewe ulikuwa mjini unaandika ripoti. Mimi nilikwenda kukagua uchumaji. Nikaona alama za visu ziko kwenye miti ya ukingoni tu, thelathini kwa hesabu, safi kabisa. Ndani hakuna tawi lililoguswa. Nikamuuliza yule aliyeongoza wachumaji."

"Sironga."

"Kaka yako, ndiyo. Mtu muungwana sana. Akaniambia kwamba mti wenye mzinga wa nyuki hauguswi kwa kisu wala hauchumwi jani maadamu mwenye mzinga yu hai. Na huko ndani kila mtarakwa uliokomaa una mzinga, au umeahidiwa mzinga. Kwa hiyo walichuma miti isiyo na mwenyewe. Ile iliyopandwa na idara ya misitu enzi hizo, kwa mbegu kutoka milima mingine."

Nilikaa bila kukaribishwa. Niliijua desturi hiyo. Niliijua kabla ya kujua kusoma. Nilipokuwa na miaka minane mama alinichapa kiganjani kwa sababu nilikwanyua majani ya mti wa babu ili nifukizie nguo.

"Ukaokota yaliyoanguka," nilisema.

"Yaliyoanguka hayana mwiko. Niliuliza hilo pia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungesema."

Aliweka kipande cha chungwa mdomoni, akatafuna, akameza. Alizungumza nami kwa sauti ile ile aliyokuwa akinifundishia.

"Wabunge walitaka kilele kimoja kwa msitu mmoja. Ningewapelekea msitu wenye vilele viwili, wangesema: kama msitu mmoja una harufu mbili, basi unywele hauthibitishi kitu. Sheria ingeanguka siku ile ile. Kaya mia tisa zingekuwa bado zinalala kandokando ya barabara. Nilikuwa na wiki tatu, Talaa. Nilichagua."

"Ulichagua kuwatoa watu wangu."

"Nilichagua kuwaahirisha. Nilidhani nitapata njia. Kisha ukauacha msitu wako uwe wa mwisho, kwa uadilifu wako, nami nikashukuru kimya kimya. Kila mwaka nilisema, mwaka huu nitamwambia."

"Miaka sita."

"Nimehesabu."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya kubadilisha sampuli mama. Ilikuwa imeshajazwa. Ilikosa tarehe tu.

"Chupa hiyo haikubaliki mbele ya Tume, maana majani ni ya kuokota. Niletee majani mabichi kutoka miti thelathini ya ndani kabla ya Ijumaa. Nitatia sahihi kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kasoro ya uhifadhi. Kaka yako atalingana."

"Na watu wa ukingoni?"

"Hawatalingana."

"Wako pale miaka sitini, Mwalimu."

"Najua walipo. Nimelala kwao. Walinipa blanketi lao la pekee."

"Na nikiiambia Tume ukweli? Kwamba msitu una harufu mbili, na sampuli mama ni ya ukingo?"

"Wataangalia sahihi iliyo chini ya sampuli hiyo. Ni yako, si yangu. Ni ile ile iliyo chini ya zile nyingine nne. Mwanasheria yeyote atauliza: amekosea moja, kwa nini tuziamini nne? Sema ukweli kama unataka. Lakini ujue ni nyumba ya nani unayobomoa kuokoa ya nani."

Alinisogezea nusu ya chungwa. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimekula nusu ya kila chungwa alilomenya. Nilichukua fomu, nikaliacha chungwa mezani.

*

Nilifika Kapturmet Jumatano mchana. Sironga alikuwa uani, akikwangua gogo la mtarakwa ili lifae kuwa mzinga. Hakuacha kazi.

"Hujambo, kaka."

"Sijambo. Lakini mgeni haulizwi hali, anaulizwa anaondoka lini. Mimi naondoka Jumamosi."

"Nimekuja kwa sababu hiyo."

"Daktari amekuja." Alisema hivyo akiliambia gogo. "Keti. Viti bado ni vyetu mpaka Jumamosi."

Niliketi juu ya kisiki. Nilikuwa nimejiandaa njiani kuuliza kwa upole, lakini swali lilitoka jinsi lilivyotaka.

"Kwa nini mlichuma ukingoni?"

Aliweka panga chini. Alinitazama kama mtu anayetafuta ni yupi kati yetu wawili mwenye wazimu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyeongoza."

"Fomu yako ya uchumaji ilisema miti thelathini iliyokomaa. Haikutaja mizinga. Wenzangu wakasema, huyu msomi amesahau, twende tumkumbushe. Nikawakataza. Nikawaambia, hajataja kwa sababu anajua. Mtoto wa nyumba haelezwi mambo ya nyumba, na yeye haelezi. Ameacha nafasi ili tuchume pasipo na mwiko. Unajua siku ile tulifanya nini? Tulikunywa pombe ya asali kwa jina lako. Mama alisema, shule haikumla mtoto wangu."

Mama alifariki mwaka uliofuata. Alifariki akiamini kwamba nilikuwa nimewastahi. Ukweli ni kwamba niliiandika fomu ile nikiwa maabara, kwa nakala ya fomu ya msitu mwingine, na sikuwaza mizinga hata mara moja.

"Ulimwambia Profesa," nilisema.

"Aliuliza. Alipanda hapa kwa miguu, mama mzima, akaniuliza kwa nini huku ndani hamkukata. Nikamweleza. Akasema ni jambo kubwa, atalifikisha kwako mwenyewe. Nikasema, hana haja, dada yangu anajua. Akanyamaza. Nikadhani amefurahi."

"Hakunifikishia."

"Basi mmenisaliti wawili. Yeye kwa kujua na wewe kwa kusahau. Sijui upi ni mzito zaidi. Wewe una mizani ya maabara, pima."

Nilimwonyesha fomu ya kubadilisha sampuli mama, nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno mepesi, kwa sababu hakuna maneno mengine ya kueleza jambo hilo. Majani ya ndani yakichumwa, wa ndani watabaki na wa ukingoni wataondoka. Nikisema ukweli wote, sheria yenyewe itatikisika, na watu wa mbali ambao hatuwajui wanaweza kurudi barabarani. Nikinyamaza, malori yatakuja hapa.

Hakutafakari kwa muda mrefu. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kisu kidogo cha kurinia asali.

"Mzinga wa mti ule pale ni wangu," alisema. "Mwenye mwiko ni mimi. Nitakata, na laana ikija, itanikuta nyumbani kwangu. Hiyo ni afadhali kuliko baraka ya ndani ya lori. Wenzangu wa mizinga mingine nitazungumza nao leo. Utapata miti thelathini."

Alikuwa amekwisha kufika chini ya mti mwanamke alipoingia uani na dumu dogo la maziwa. Alikuwa Bibi Namaemba wa ukingoni. Yeye na mama yangu walibadilishana maziwa kwa asali kila Jumatano tangu kabla sijazaliwa, na baada ya mama, zamu hiyo aliichukua Sironga.

"Kumbe yupo," alisema aliponiona. "Huyu ndiye aliyenigawia msitu nisiouomba."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jana kijana wa Tume alikuja na karatasi, akasema, hongera mama, wewe ndiye mwenye Kapturmet. Nikamwambia, mwanangu, umepotea njia, wenye Kapturmet wako kule juu, mimi nawapelekea maziwa. Akasema mashine haikosei." Aliweka dumu kivulini. "Nikamwambia, basi mashine hiyo haijanywa chai yangu."

Kisha alikiona kisu mkononi mwa Sironga, na akaona alipokuwa amesimama. Aliijua desturi yetu kuliko nilivyoijua mimi. Tabasamu lilimfutika usoni.

"Unafanya nini hapo?"

Nilimjibu mimi. Nilimwambia kila kitu, kwa sababu sikuweza kumficha mtu aliyekuwa akihesabiwa katika hesabu ile. Alisikiliza akifunga na kufungua fundo la kanga yake.

"Kwa hiyo akikata, mimi naondoka," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na asipokata, anaondoka yeye."

"Ndiyo."

Alimgeukia Sironga. "Kata basi, mwanangu. Una watoto wanne, mimi wangu wamekwisha kuwa wakubwa. Lakini ukimaliza kukata, teremka unisaidie kung'oa mabati ya paa. Tuliyapigilia mimi na wewe, na misumari yako ulipiga vibaya, imepinda. Mimi peke yangu siwezi kuing'oa."

Alisema bila hasira, na nadhani hakukusudia kumzuia. Alikuwa akiwaza kweli juu ya mabati. Sironga alisimama na kisu kimeinuliwa hadi kwenye tawi la chini. Juu yake nyuki waliingia na kutoka. Kisha akashusha mkono.

"Dada," alisema, bila kunitazama, "kazi hii ni yako. Usinipe mimi nikufanyie."

Alimwaga maziwa katika sufuria yake, akalijaza dumu asali nusu, akamrudishia Bibi Namaemba. Hakunikaribisha ndani.

*

Tume iliketi Ijumaa katika ukumbi wa wilaya. Watu wa ndani walikaa upande wa kushoto, wa ukingoni upande wa kulia, isipokuwa Bibi Namaemba, aliyekaa karibu na Sironga kwa sababu ndiko kulikokuwa na kiti chenye mto. Profesa Mkawasi alikuwa mstari wa mbele. Aliponiona naingia bila kifurushi cha majani, alifunga mkoba wake.

Kabla ya kikao mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alinisimamisha mlangoni. Alijitaja: Tinkoi, wa Msitu wa Lemaiyuk, wa kwanza kati ya misitu ile minne. Alikuwa amesafiri kwa mabasi mawili. Alisema alisikia kwamba mwenye mashine atazungumza leo, naye alitaka kumwona aliyemrudisha nyumbani. Alikuwa na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki, kikiwa kimenyooka kama siku kilipotolewa. Nilimpa mkono. Nilimwombea kiti.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliniita, akaniapisha, akaniomba nithibitishe matokeo.

"Siwezi kuyathibitisha," nilisema. "Sampuli mama ya Kapturmet si ya msitu wote. Ni ya ukingo."

Nilieleza. Nilianza na mafuta na jinsi mbegu za milima miwili zinavyotoa uwiano tofauti katika udongo mmoja. Nilieleza mizinga. Nilisema kwamba wachumaji walifanya walichopaswa kufanya, na kwamba mimi, niliyezaliwa chini ya miti ile, niliandika fomu kama mtu asiyewahi kufika pale. Niliweka mezani mchoro wa chupa ya pili, nikasema ilikotoka na ni mwandiko wa nani. Ukumbini mtu alikohoa. Profesa hakugeuka.

"Kwa hiyo," alisema mwenyekiti, "msitu huu una harufu mbili."

"Ndiyo. Na watu wake ni wa aina mbili, na wote ni wakaazi. Naomba sampuli mama ziwe mbili."

"Hilo tutalitazama." Aliandika. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Kisha akabadilisha miwani, ile ya kichwani ikashuka machoni. "Daktari Kobei, sampuli za misitu ile mingine minne zilichumwa na nani?"

"Na wenyeji wa kila msitu."

"Kwa fomu hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Nao wana desturi zao kuhusu miti?"

"Kila watu wana desturi zao."

"Uliwauliza?"

"Sikuwauliza."

"Tangu Jumatatu ulipogundua kosa hili, umewauliza?"

Nilitaka kusema kwamba muda haukutosha. Muda ulitosha kusafiri hadi kwa kaka yangu na kurudi. Muda ulitosha kupiga simu nne. Kwa siku nne niliwaza juu ya kaya mia mbili na kumi na nne, na baadaye juu ya mia moja na sitini, kwa sababu nilizijua nyuso zao. Wale wa kaya mia tisa nilikuwa nimewafanya kuwa hatari ya kisheria. Sikuwa nimejiuliza majani yao yalichumwa wapi.

"Sijawauliza," nilisema.

"Unaweza kuapa kwamba sampuli zile nne ni za misitu inayotajwa kwenye lebo?"

Kulikuwa na mtu mmoja ukumbini aliyejua. Alikuwa amekagua uchumaji wa misitu yote mitano kwa miguu yake, na popote alipofika aliuliza. Nilimtazama Profesa Mkawasi. Nilimtazama waziwazi, mbele ya watu wote, kama nilivyomtazama nilipokuwa mwanafunzi na nimekwama ubaoni. Siku zile angetamka neno moja tu, nami ningeendelea.

Mwenyekiti alifuata macho yangu. "Profesa, una la kuongeza?"

Profesa alisimama nusu. Kama sampuli zile zilikuwa safi, sentensi moja yake ingeziokoa. Kama hazikuwa safi, sentensi moja ingetuambia pa kuanzia. Alikuwa nayo, moja kati ya hizo mbili. Niliiona ikifika mdomoni.

"Sina la kuongeza," alisema, akaketi.

Mpaka leo sijui alikuwa akimlinda nani. Nimejaribu kumhurumia, nikashindwa.

"Daktari Kobei," alisema mwenyekiti. "Nasubiri."

"Siwezi kuapa," nilisema. "Sijui."

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa saba. Hakuna mtu wa Kapturmet atakayehamishwa, wa ndani wala wa ukingoni, mpaka majani yachumwe upya mbele ya mashahidi. Sampuli mama zote tano zimesimamishwa. Vyeti vyote vilivyotolewa kwa msingi wa sampuli hizo havina nguvu hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Malori yasiende popote kwanza.

Neno "kwanza" lilisikika ukumbi mzima.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Namaemba alimgusa Sironga begani, wakatoka pamoja. Kaka yangu alipita karibu nami. Alipunguza mwendo, akaniambia kwamba Jumapili wanarina asali na kwamba nikitaka kuja, nije. Hakusema ahsante, nami sikuistahili.

Mzee Tinkoi alikuwa amesimama nje, chini ya upenu, mvua ikinyesha. Alikuwa akinisubiri.

"Kiswahili cha yule mama wa miwani ni kigumu," alisema. "Nieleze mimi taratibu. Lemaiyuk bado ni kwetu?"

"Kwa sasa, mzee, hakuna aliyeamua. Hakuna atakayekufukuza leo."

"Leo nimeona. Nauliza mwezi wa nane. Nina ekari mbili za viazi, vimeota, vinataka kupaliliwa. Wanangu nimewaita kutoka mjini waje tupalilie. Nivipalilie, au niwaambie wasije?"

Nilitamani kumwambia avipalilie. Lilikuwa neno dogo, na lingemfikisha nyumbani salama katika mabasi yake mawili. Lakini nilikuwa nimeshuhudia kwa wiki nzima kile ambacho ukweli uliocheleweshwa miaka sita kwa huruma unaweza kufanya.

"Sijui, mzee," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei. Alitoa cheti katika mfuko wa plastiki, akakitazama upande wa chini, palipokuwa na sahihi yangu. Akakirudisha ndani ya mfuko, akaufunga vizuri mvua isiingie, akanipa.

"Kaa nacho wewe," alisema, "mpaka ujue."